Fuvu Lisilokuwapo Pangoni: Uchunguzi wa Nasaba ya Nyumba Moja ya Mbololo

Mtu anayeandika nasaba kwa Kiswahili husaidiwa na lugha akishuka, na huachwa peke yake akipanda. Mzee aliyeketi kileleni mwa ukoo ana mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe na kining'ina. Kila daraja lina neno lake, tena neno la zamani. Lakini huyo kining'ina akigeuka na kuwatazama waliomleta duniani, hupewa baba na babu, na kutoka hapo huanza kuunga vipande: baba wa babu, babu wa babu, na mwishowe husema "wahenga" akanyamaza. Lugha imepangwa na aliye juu, kwa kuwahesabu waliotoka kwake. Aliye chini hakutazamiwa kuuliza.

Jambo hili nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kwa miaka kadhaa kama maelezo ya msamiati wa ujamaa, wala sikufikiri kwamba lina faida yoyote nje ya darasa. Makala haya yanaeleza jinsi nilivyopoteza muda mrefu katika kutafuta nasaba ya nyumba yetu kwa sababu nilikuwa nikiuliza kutoka chini, na mambo yaliyofunuka nilipoanza kuuliza kutoka juu. Majina ya watu wa nyumba hiyo siyataji, kwa ombi la baba yangu mkubwa, na sababu za ombi lake zitaonekana.

Mbololo ni kilima kilichojitenga upande wa kaskazini-mashariki wa milima ya Dawida, juu ya mji wa Voi. Watu wake husema lahaja mojawapo ya Kidawida. Kama sehemu nyingine za Utaita, ukoo huitwa kichuku, na kila kichuku kina mapokeo yake ya kutoka mahali fulani na kufika kwa njia fulani. Vichuku vikubwa vinavyotajwa mara nyingi ni Wanya, Wasadu, Wasasadu, Wanyanya, Wasanu, Waikumi na Wambisha. Msomaji yeyote wa lugha za Kibantu atasimama hapo kwanza, maana kwa Kidawida tano ni isanu na kumi ni ikumi, na majina kadhaa miongoni mwa hayo yana sauti ya hesabu. Kishawishi cha kusema kwamba ni makundi yaliyohesabiwa yalipokuwa yakiingia milimani ni kikubwa. Nami nilikikubali kwa muda, kisha nikakiacha. Orodha haikamiliki kama hesabu, na Wambisha hawamo kabisa ndani yake: wao hutajwa katika mapokeo kuwa ndio waliokutwa. Afadhali fumbo libaki fumbo kuliko kulitatua kwa nusu ya ushahidi.

Juu ya hao waliokutwa, lugha ina neno la kusema lililo imara zaidi. Mwaka 1981 Christopher Ehret na Derek Nurse walichapisha makala kuhusu Wakushi wa Utaita. Kwa kuchunguza maneno ya mkopo yaliyomo katika Kidawida na Kisagalla, walionyesha kwamba wasemaji wa lugha za Kikushi cha Kusini waliishi katika milima hiyo na kumezwa na Wabantu waliofika baadaye. Hakuna mzee anayewakumbuka kwa jina hilo. Hata hivyo wamo katika vinywa vya wajukuu zao kila siku, na mtu wa Mbololo anayedai kuwa nasaba yake ni ya asili moja tu hukanushwa na maneno anayotumia kutoa dai hilo. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu katika nyumba yetu hofu kubwa ilikuwa ni hiyohiyo, ya kuonekana kuwa tumeingia kutoka nje.

Orodha yangu ya kwanza ilikuwa fupi na safi. Niliipata kwa kumwuliza baba, "Baba wa babu alikuwa nani?" nikajibiwa jina, nikauliza baba wa huyo, nikajibiwa jina la pili, na juu ya hapo kichuku. Karatasi za zamani ziliafiki: katika daftari la shule ambayo babu alisomea, mahali pa jina la baba pameandikwa jina lilelile alilonitajia baba. Mtafiti akipata mapokeo na maandishi yakikubaliana hufurahi na kufunga daftari. Jan Vansina, katika kitabu chake juu ya mapokeo simulizi kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1961 na kwa Kiingereza mwaka 1965, alionya kwamba nasaba hufupishwa na kurekebishwa ili ifanane na hali ya walio hai. Nilikuwa nimemsoma Vansina ng'ambo, kwa ajili ya mtihani. Sikudhani kwamba alikuwa akisema juu ya baba yangu.

Kilichonitia shaka kwanza ni pango. Wataita walikuwa na desturi ya kufukua kaburi baada ya muda fulani, kulitoa fuvu la marehemu, na kuliweka pamoja na mafuvu mengine ya ukoo wake katika pango au chini ya mwamba. Mahali hapo huitwa ngomenyi. Neno hili lisomwe kwa uangalifu. Kiishio chake ni kiambishi cha mahali, ndugu wa -ni ya Kiswahili, na a ya mwisho wa shina imegeuka kuwa e, kama nyumba inavyokuwa nyumbenyi. Shina lenyewe ni ngoma, lakini si ngoma ya kupigwa. Ndilo linalotazamana na koma ya Wamijikenda na ya Kiswahili cha pwani, yaani mzimu wa mtu aliyekufa, na ngoma ya Kikikuyu yenye maana ya roho za wafu. Kwa hiyo ngomenyi ni kwa wafu, mahali wanapokaa. Heshima ya kuwekwa hapo haikuwa ya kila mtu. Walioipata waliendelea kuwa wazee wa nyumba: walijulishwa shida, na ilipotokea hasira kati yao na walio hai, ilibidi iondolewe. Ibada ya kuondoa hasira, kutasa, ambayo Grace Harris aliiandikia kitabu kizima mwaka 1978, hufanywa kwa kupuliza kinywaji kutoka kinywani huku maneno ya kusafisha moyo yakitamkwa.

Katika ngomenyi ya nyumba yetu, yule niliyeambiwa kuwa ni baba wa babu yupo, na fuvu lake bado huonyeshwa kwa kidole. Karibu naye, kwa maelezo ya wazee, wamewekwa ndugu zake wawili. Lakini mzee mmoja, alipokuwa akionyesha, alihesabu kwa sauti, na baada ya wa pili akasogeza kidole mahali patupu pa mwamba, akapita, akaendelea na wa tatu. Nilipomwuliza pale pana nani, alisema hapana mtu. Jibu lilikuwa kweli kabisa.

Sharti niseme hapa kwamba si kila pengo katika mapango ya Utaita ni siri ya nyumba. Mafuvu mengine yalichukuliwa. Mwaka 1931 jarida la Biometrika la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa Elisabeth Kitson juu ya mafuvu ya Kenya, yakiwamo ya Utaita yaliyokusanywa na L. S. B. Leakey na kupelekwa Cambridge. W. W. Howells, Mmarekani, aliyapima upya kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya tofauti za mafuvu ya wanadamu duniani. "Teita" yake ni mafuvu 83, ambayo yeye aliyagawa kuwa 33 ya wanaume na 50 ya wanawake. Vipimo hivyo vimeingia katika programu za kompyuta, FORDISC mojawapo, zinazotumiwa kukisia asili ya fuvu lisilojulikana lilikookotwa. Hivyo mifupa ya wazee wa milima yetu imekuwa kipimo cha kuwalinganisha wafu wa nchi ambazo hawakupata kuzisikia. Hesabu ile ya 50 ilinishangaza. Wazee wote niliozungumza nao husema kwamba ngomenyi ilikuwa ya wanaume, pamoja na wanawake wachache waliofikia uzee wa heshima. Ama wazee hukumbuka kanuni na kusahau yaliyotendeka, ama macho ya mpimaji, yasiyo na mfupa wa nyonga wa kumsaidia, yaliona fuvu jepesi yakaamua ni la mwanamke. Mimi naelekea upande wa pili, ingawa la kwanza nalo siwezi kulitupa. Nilipomweleza shangazi yangu habari hii aliuliza jambo moja tu: "Na majina yao waliandika?" Hawakuandika.

Shangazi huyo ni dada mkubwa wa baba, amepita miaka themanini, na ndiye aliyefumbua fumbo la nyumba, ingawa kwa muda mrefu nilimhesabu kuwa shahidi dhaifu. Udhaifu wenyewe, kwa jinsi nilivyouona, ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, alishindwa kujibu maswali yangu ya kupanda, kila nilipouliza "na baba yake je?" alirudi nyuma, akachanganya watu, akakasirika. Pili, mazungumzo yetu yalikuwa ya Kidawida, lakini kila tulipofika kwa watu wa kizazi fulani yeye alihamia Kiswahili. Nilidhani ananirahisishia mimi, mtu wa mjini niliyefundishwa mpaka lugha ya mama ikapungua.

Siku moja, nikiwa nimechoka, nilimwomba anisimulie tu apendavyo. Akaanza na mzee wa juu, akasema alizaa nani, na nani, na nani. Akashuka kwa kila mmoja mpaka mwisho wa tawi lake ndipo akamrudia ndugu anayefuata, bila kukosea hata mahali pamoja. Ilikuwa kama mtu anayesoma. Na katika kushuka huko wana wa yule mzee walikuwa wanne, si watatu. Wa tatu kati yao, alisema, na hapo Kidawida kikakatika na Kiswahili kikaingia, "aliwekwa mwaka wa Mwakisenge."

Mwakisenge ni njaa kuu ya mwaka 1884 na miezi iliyofuata, inayokumbukwa kwa jina hilo katika Utaita na pia kwa Wamijikenda. Mmishenari J. A. Wray alikuwa amefika Sagalla mwaka mmoja tu kabla yake. Watu walitawanyika kutafuta chakula: wengine kwenda Taveta na Uchagani, wengine Ukambani, wengine wakateremka nyika hadi Rabai na kwa Wagiriama. Watoto walitolewa kwa nafaka. Mwandishi wa siku hizi akilitaja jambo hili huandika kwa wepesi kwamba "waliuzwa", na kwa baadhi yao ndivyo ilivyokuwa. Lakini shangazi hakusema aliuzwa. Alisema aliwekwa, na nilipolirudia neno lake kwa namna yangu, nikisema "kumbe aliuzwa", alinikatiza kwa ukali usio wa kawaida yake. Anayeuzwa amekatika. Anayewekwa ni rehani: deni likilipwa hurudi, na akirudi ni mwana kama wenzake, mwenye shamba lake na sauti yake katika kichuku. Tofauti ya vitenzi viwili ndiyo tofauti kati ya mrithi na mgeni.

Mtoto huyo alikaa upande wa Rabai mpaka akawa mtu mzima. Aliporudi, reli ilikuwa imekwisha kupita Voi, yaani si kabla ya miaka ya mwisho ya karne ya 19. Alirudi na jina la kule. Hiyo ndiyo ishara ambayo mwanafunzi yeyote wa lugha angeiona mapema, nami sikuiona. Majina ya wanaume wa nyumba yetu yanafuata mtindo wa Kidawida wa Mwa-, kama alivyo Mwakio, aliyezaliwa usiku, au Mwanjala, wa wakati wa njaa, ambao dada zao huitwa Wakio na Wanjala. Katikati ya majina hayo limekuwapo moja la sura ya Kimijikenda, la jamii ya Karisa na Katana, analopewa mtoto mmoja katika kila kizazi cha pili. Tulilichukua kuwa jina la rafiki wa biashara. Jina linalorudi kwa mjukuu halisemi neno juu ya kuzaliwa kwa mjukuu mwenyewe. Mwanjala wa leo huenda alizaliwa mwaka wa mavuno. Husema juu ya mtu wa kwanza aliyelibeba, na swali la kuuliza ni nani huyo wa kwanza. Mimi nililiuliza jina la babu maana yake badala ya kuliuliza lilikotoka.

Sasa daftari la shule. Huyo aliyerudi alioa akiwa mtu mzima sana, akamzaa babu, akafa babu akiwa mdogo. Babu alilelewa na kaka mkubwa wa marehemu, yule ambaye fuvu lake huonyeshwa pangoni. Mwalimu alipomwuliza mtoto jina la baba yake, mtoto alijibu sawasawa kwa kanuni za lugha yake, maana ndugu wa baba ni baba. Mwandikaji naye aliandika sawasawa alilosikia. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyekosea. Kosa lilizaliwa pale neno la ujamaa wa Kibantu lilipoingizwa katika safu ya karatasi iliyochorwa na watu ambao kwao baba ni mtu mmoja tu. Naamini kwamba makosa ya namna hii yamejaa katika madaftari ya shule na ya makanisa ya nchi hii, na kwamba anayeyatumia bila kujua msamiati wa ujamaa wa wenyeji atayakuta yanakubaliana na mapokeo wakati ambapo yote mawili yanaficha kitu kilekile.

Tena lipo fumbo la mahali patupu pa mwamba. Nilikuwa nimekwisha kuandika katika rasimu ya kwanza kwamba yule wa tatu alinyimwa pango kwa aibu ya kuwekwa rehani. Ilikuwa hoja nzuri, yenye huzuni yake, na nilisikitika kuipoteza. Daftari la ubatizo la kanisa la jirani lilinionyesha jina lake la Kimijikenda likiwa limeandikwa kando ya jina la Kikristo. Pengine dini aliianza hukohuko Rabai, ambako wamishenari walikuwapo tangu Krapf na Rebmann. Alizikwa kaburini kwa desturi ya wabatizwa, na kaburi la Mkristo halikufukuliwa. Ndugu zake, ambao hawakubatizwa, walimwachia nafasi yake. Kwa hiyo mahali patupu hapakuwa pa kumfukuza. Kidole cha yule mzee kilipita juu ya nafasi iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya mtu.

Baba mkubwa hakupendezwa. Alikuwa akijua habari zote tangu ujana wake, na kwa muda wa miaka mingi alikuwa ameona ni busara kuiacha nasaba ipite kwa yule kaka mkubwa, kwa sababu mashamba yetu yanapakana na ya wana wa ndugu wengine wawili, na mtu akitaka ugomvi hahitaji zaidi ya kusema kwamba fulani ni mzao wa mtu aliyetolewa kwa vibaba vya mahindi. Tulizungumza jioni nzima. Nilimwambia kwamba shangazi anazo habari za kukombolewa: deni lililipwa kwa mbuzi, na hesabu yake anaijua. Alijibu kwamba shangazi ni mzee na mahakama hazisikilizi vitenzi. Hatimaye alikubali niandike mradi nisitaje majina, na akataka habari za mbuzi ziandikwe zote, kwa Kidawida, kwa maneno ya shangazi mwenyewe, na nakala abaki nayo yeye. Nimefanya hivyo.

Ni haki kuongeza kwamba nyumba yetu ilipata bahati ya kupotewa na mmoja tu. Jirani zetu wa Kasigau walihamishwa karibu wote mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, wakashukiwa kuwasaidia Wajerumani, wakapelekwa pande za Malindi, na hawakurudishwa kwao hadi mwaka 1936. Atakayeandika nasaba za huko ana kizazi kizima kilichozaliwa mbali na mapango yake, na nashauri aanze na mzee anayeweza kushuka. Wako watu wanaotuma mate yao ng'ambo katika vichupa ili waambiwe asili yao. Wataambiwa ni Wabantu wa Mashariki kwa asilimia kadhaa, jambo ambalo sidhani kama kuna mtu wa Mbololo aliyelitilia shaka.

Nilipomsomea shangazi orodha mpya, ya wana wanne na matawi yao, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mabinti wako wapi. Nilikuwa sijawauliza, na yeye hakuwa ameombwa. Walikuwa wawili. Mmoja aliolewa Mbololo, akazaa watu tunaowafahamu wote. Wa pili alipelekwa Taveta mwaka uleule wa Mwakisenge, na kwake shangazi hakutumia kitenzi cha kuwekwa wala cha kuuzwa, alisema "alikwenda". Mbuzi wa kumkomboa hawatajwi. Tumekubaliana kwamba wakati wa likizo nitashuka Taveta, na shangazi amenipa jina la kuanzia.